Mitungi ya Timboroa na Kutajwa kwa Mama Figo

Kazi yangu, kwa miaka mingi kuliko nilivyopanga, ilikuwa kuhesabu mara ambazo watu wengine wametajwa. Mimi mwenyewe sijawahi kutajwa popote, isipokuwa kanisani wakati wa matangazo, na hata hapo walikosea jina la kijiji changu.

Nyinyi vijana ambao sasa mnakaa kwenye dawati lile la maktaba ya chuo, karibu na dirisha ambalo halifungi, mmeniomba niwaandikie kidogo jinsi tulivyofanya. Naandika, lakini mjue mapema: nilisoma hadi kidato cha pili tu, na kumbukumbu yangu siiamini sana. Huwa naandika shajara kila jioni, nikadhani itanisaidia. Nimeifungua. Siku ambayo nilitaka kuwaeleza hapa, niliandika hivi: "Timboroa. Baridi. Viazi vizuri." Basi. Kwa hivyo mengine yote natoa kichwani, na mkipata mtu anayekumbuka tofauti, msikilizeni pia.

Kwanza hii habari ya kutajwa, kwa wale ambao bado ni wageni. Mtafiti akiandika makala, anataja mwishoni wenzake ambao amesoma kazi zao. Kila mtu akitajwa, ni kama amepata alama. Sasa mwalimu wa chuo akitaka kupandishwa cheo, wakubwa wanauliza: ameandika makala ngapi, na wenzake wamemtaja mara ngapi? Kuandika ilikuwa kazi yake. Kuhesabu ilikuwa kazi yangu.

Siku hizi mnabonyeza kitu kwenye kompyuta, nambari inatoka kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na vitabu vizito kama mawe ya kujengea, maandishi madogo ya kuumiza macho, na kioo kimoja cha kukuza ambacho kila mtu alidai ni chake. Na kadi. Kadi hamkuziona. Mtu huko ng'ambo alikuwa anasikia kuna makala ya mwalimu wetu, anatuma kadi ya posta kuomba nakala. Ikija na stempu ya nchi ambayo hatujawahi kuiona, tuligombania stempu kwanza, halafu ndio kadi ikapelekwa kwa mwenyewe. Kadi ilikuwa dalili njema: aliyeomba kusoma, baadaye huenda akakutaja. Huenda. Wengine nafikiri walitaka stempu yetu tu.

Aliyenifunza ni Mzee Ambani. Alikuwa karani mkuu, mtu wa Vihiga, mfupi, mwenye sweta moja ya kijani iliyostaafu baada yake. Nikiwa bado mgeni nilimpelekea hesabu ya mwalimu mmoja wa udaktari, nimejivuna.

"Owiti," akaniambia, "umefungua hizi makala?"

"Nimeona jina lake huko mwisho, Mzee."

"Mtu akitajwa kortini, si ametajwa pia? Utamhesabia?"

Nikaanza kukusanya karatasi zangu.

"Rudi. Fungua. Soma ujue ametajwa kwa nini. Hata kama huelewi huo ugonjwa, utaelewa kama anasifiwa ama anagombezwa. Kugombezwa hakuhitaji digrii."

Hilo ndilo la maana nililojifunza katika kazi yote, na hata sasa sina hakika nililitumia sawasawa. Mkifungua, mtaona vituko. Kulikuwa na walimu wawili, majirani huko Kapsoya, mtaa wa hapa Eldoret, waliotajana kila mmoja kwa kila makala, kama watu wanaochangiana harambee: leo kwako, kesho kwangu. Wakubwa walishangaa jinsi walivyopanda. Halafu wakagombana juu ya ua. Mmoja alisema mwenzake amesogeza kigingi usiku, mwingine akasema ua uliwekwa na babake huyo mwenye kulalamika. Kutoka hapo hakuna aliyemtaja mwenzake tena, na hesabu ya wote wawili ikalala chini kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Lakini sitaki kuwaonea. Makala zao hazikuwa mbaya. Nilizisoma, zile sehemu nilizoelewa.

Sasa nije kwa Mama Figo.

Jina lake siliandiki, kwa sababu yuko hai na sikumwomba ruhusa. Alikuwa daktari wa magonjwa ya figo na mwalimu hapo hapo. Sisi wa maktaba tulimwita Mama Figo nyuma ya mgongo wake, mpaka siku aliyopiga simu akasema, "Halo, ni Mama Figo hapa," tukajua yamekwisha. Aliandika juu ya akina mama wanaovimba miguu wakiwa wajawazito. Aliandika juu ya watu wanaomeza dawa za maumivu kama njugu. Aliandika juu ya mafundi wa jua kali pale Huruma, wanaoshinda karibu na moto bila kunywa maji. Makala ndogo, safi. Zilitajwa kidogo kidogo, kama mvua ya manyunyu.

Halafu ikaja makala ya Timboroa, na hiyo ilikuwa mafuriko.

Alitaka kujua figo zinafanyaje kazi kwa watu wanaoishi juu sana, kwenye baridi ile. Kwa hivyo yeye na wasaidizi wake waligawa mitungi midogo ya plastiki. Kila mtu aliambiwa akojoe ndani ya mtungi, kila mara, kutoka asubuhi mpaka asubuhi ya pili, asimwage hata tone. Wakapimwa damu pia. Ukijua mkojo wote wa siku nzima na ukijua damu ikoje, unaweza kupiga hesabu ya jinsi figo zinavyochuja. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa, na nimeandika jinsi nilivyoelewa. Matokeo yalikuwa kwamba wazee wanaume wa kule figo zao zimelegea sana kuliko ilivyotarajiwa. Makala ikasema huenda ni baridi na urefu wa mlima.

Madaktari wa nchi zingine zenye milima wakaidaka. Wakati huo kadi zilikuwa zimekwisha, ilikuwa ni barua pepe. Nilifungua makala baada ya makala na jina lake lilikuwa humo, tena kwa sifa. Hiyo moja ikashinda zingine zake zote zikiwekwa pamoja.

Mama Figo alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa wengine, ingawa huenda walikuwa nayo na sikujua. Makala ikitoka, alirudi nayo kwa watu waliopimwa. "Watafiti wengi wanachukua mkojo na hawaonekani tena," alisema. Akaomba maktaba mtu wa kubeba maboksi ya nakala, Mzee Ambani akaninyooshea kidole bila kuinua macho.

Huko Timboroa tulikutana na watu ndani ya ukumbi wa kanisa. Mchana, lakini baridi ilikuwa ya kukata masikio. Wazee walikaa mstari wa mbele na makoti yao mazito, akina mama nyuma. Daktari akaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba figo za wazee wa hapa zinachuja polepole. Wazee wakaangalia paa. Huko nyuma mama mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa leso.

"Mama, kuna kitu cha kuchekesha?" Daktari akauliza, bila hasira.

"Hapana, Daktari. Endelea tu."

"Sema, mama. Nimekuja kusikia."

"Si ni hiyo mitungi." Huyu tulikuja kujua anaitwa Mama Cheptoo. "Mlisema ikae wapi?"

"Mahali pa baridi, pasipo na jua."

"Eeh. Na kwa nyumba zetu mahali pa baridi ni jikoni, ile kona ya maziwa. Na jikoni kuna nani mchana kutwa? Si ni bibi ya kijana, yule mkwe?" Akaangalia wenzake. "Mimi sisemi ya mtu. Nauliza tu. Mzee atapita mbele ya bibi ya kijana yake amebeba mkojo, anaenda anarudi, anaenda anarudi?"

Akina mama wakaangua kicheko. Mstari wa mbele hakuna aliyegeuka.

Daktari akawaangalia wazee. "Baba zangu, ni kweli?"

Halafu mzee mmoja akajibu, bado macho yako kwa paa. "Mchana mtu yuko shamba," akasema. "Na shamba ni kubwa."

"Lakini tuliwauliza, mkasema mmeweka yote!"

"Tulisema ndiyo. Wewe ni mgeni, ulikuwa umetoka mbali. Na huyo kijana wako alituuliza tukiwa mbele ya watu wa nyumba."

"Na usiku?"

"Ah, usiku tuliweka. Ya usiku yote ni yako, Daktari."

Hapo hata padri aliyetupa ukumbi alicheka. Daktari akaomba waliokwenda shambani wainue mikono. Mikono ikapanda polepole, kila mtu akijifanya hamwoni jirani yake. Karibu yote.

Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, makala iko magotini. "Na mimi nina baba mkwe," akasema. Sijui alikuwa akituambia sisi ama akijiambia.

Nimefikiria sana ni nani wa kulaumiwa, na nimeshindwa. Daktari alikuwa ameona mkojo ni kidogo, na uchache huo ndio uliofanya figo zionekane zimelegea, akadhani ni kwa sababu wazee wale ni wembamba na kwa baridi ile hawanywi maji. Waliokagua makala kabla ya kuchapishwa waliuliza swali hilo hilo wakakubali jibu hilo hilo. Wazee walisema uongo, lakini ulikuwa uongo wa adabu. Na mimi? Kwetu kule ziwani, mama mkwe wangu na mimi hatujawahi kula meza moja. Mtu angeniuliza nyumbani kama mzee anaweza kupita na mtungi mbele ya mke wa mwanawe, ningecheka kabla hajamaliza. Hata hivyo niliisoma makala ile mara nyingi nikiihesabia alama, na sikucheka. Ilikuwa na chati. Nafikiri kitu kikishawekwa kwenye chati, mtu anasahau kwamba kilitoka jikoni kwa watu.

Tulipewa viazi na chai. Njiani kurudi Eldoret Daktari akauliza, "Owiti, ulipenda viazi?"

"Nilipenda, Daktari."

"Hata mimi." Ndiyo sababu viazi viko kwenye shajara.

Baada ya hapo aliandikia jarida, makala ikaondolewa, tangazo likachapishwa na sababu ikaelezwa. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini vijana, shikeni hili: makala iliyoondolewa ni kama mpangaji aliyehama Huruma. Watu wanaendelea kubisha mlango wake. Iliendelea kutajwa. Wengine hawakujua imeondolewa. Wengine walijua, wakaitaja kama mfano wa kukosea. Kwa mashine ya kuhesabu, wote ni sawa.

Kisha nafasi ya uprofesa ikatangazwa, naye akaomba. Kutajwa kwake kulitakiwa kufike kiwango fulani. Pamoja na Timboroa, alikuwa amevuka na kupita. Bila Timboroa, alikuwa amekosa, tena kwa kidogo, na kukosa kwa kidogo ndiko kubaya. Umri wake ulikuwa umesogea. Kila mtu alijua nafasi nyingine ikija, yeye atakuwa karibu kustaafu.

Nilimpelekea Mzee Ambani hesabu zote mbili, nikitegemea atasema toa. Hakusema.

"Weka," akasema.

"Lakini Mzee, wewe ndiye ulinifunza kufungua."

"Nilikufunza kufungua ili ujue. Kujua ni kwetu. Kuhesabu ni kwa sheria, na sheria inasema mtu atajwe. Haisemi atajwe vizuri." Akavuta sweta yake. "Wale wa ua wa Kapsoya, tuliwahesabia ama hatukuwahesabia?"

"Tuliwahesabia."

"Sasa huyu aliyesema ukweli ndiye tumkate?"

Mpaka leo nikiliwaza naona alikuwa na haki. Hata hivyo nilichukua hesabu zote mbili nikazipeleka kliniki kwa mwenyewe. Nilimkuta kati ya mgonjwa na mgonjwa, anakunywa uji. Nikamweleza kwamba sheria inaruhusu. Niliona ni haki alijue hilo kabla hajaamua.

"Baada ya kuondolewa, bado wanaitaja?" akauliza.

"Sana, Daktari."

"Wanasema nini?"

"Wengine wanasema ni kweli. Wengine wanasema wewe ni mfano wa kosa."

Akacheka. "Afadhali hao wa pili. Wamesoma." Akaangalia karatasi kwa muda. "Ambani anasemaje?"

"Anasema weka."

"Na wewe?"

Nikasema sijui. Huo ndio ukweli, sikujua. Alitingisha kichwa kama mtu aliyepewa jibu la maana.

"Nikiiweka," akasema, "mtu mmoja pale mezani pa wakubwa ataniuliza, figo za wazee wa Timboroa ziko aje? Nitamwambia sijui, kwa sababu mkojo wao nusu ulibaki kwa viazi. Halafu ataniuliza, sasa hizi alama ni za nini?" Akanirudishia karatasi. "Toa, Owiti. Ita huyo mgonjwa aingie ukitoka."

Nikatoa. Nafasi hakuipata. Na niseme kwa haki: aliyeipata aliistahili. Hesabu yake niliifanya mimi, na nilikuwa nimefungua zote.

Kama alilia, sikumwona. Nilichoona ni kwamba miezi michache baadaye aliomba tena maktaba mtu wa kubeba maboksi. Alirudi Timboroa, akamtafuta Mama Cheptoo, wakaketi kupanga. Mama Cheptoo alimwambia mtungi usitembee uchi. Uwekwe ndani ya kikapu, ufunikwe kwa kitambaa, ukae chumbani kwa mzee mwenyewe, na mchana auchukue shambani. "Mzee akibeba kikapu kwenda shamba, nani atamuuliza? Watu watafikiri ni chai." Wasaidizi nao wakaambiwa wamuulize mzee akiwa peke yake nje, hata kama ni kumfuata mpaka kwa ng'ombe.

Mitungi ikarudi imejaa. Figo za wazee wa Timboroa ziko kama za wazee wengine tu.

Makala hiyo ya pili ilichapishwa mahali padogo. Habari kwamba watu ni wazima haina mbio. Nilikuwa naiangalia kila mara, hata bila kuagizwa, mkono tu umezoea. Ilitajwa na wachache, na mmoja wa hao alikuwa yeye mwenyewe, ambaye kwa kanuni ya Mzee Ambani humhesabii. Ile iliyoondolewa bado inaishinda. Mama Figo alistaafu akiwa Daktari. Watu wakimwita Profesa kwa heshima, anawarekebisha.

Hapa ningemaliza, lakini juzi juzi miguu yangu mwenyewe ilianza kuvimba. Ninaishi Kapsoya kwa mwanangu, na mke wake hajachoka kunilea, namshukuru. Nilikwenda kliniki moja mjini. Nesi, msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, akaniuliza naishi na nani, kisha akaniletea mtungi wa plastiki. Ulikuwa ndani ya kikapu.

"Sasa Mzee, unaweka yote, ya mchana na ya usiku. Unafunika na hii kitambaa, unaenda nayo popote. Na isikae jikoni. Ikae kwa room yako, chini ya kitanda, hapo kwa simiti pako baridi. Sawa?"

"Kwa nini isikae jikoni?"

Aliniangalia kama nimemuuliza kwa nini mvua inanyesha. "Mzee, si uko na bibi ya kijana yako kwa nyumba? Utaona aibu bure, umwage nje, alafu turudie hii kitu yote."

"Ni nani aliwafunza hivi?"

"Hakuna mtu. Ndivyo inafanywanga."

"Haiko kwa makala yoyote?"

"Mzee, ni kikapu!" Akacheka. "Kikapu nayo inaandikwa?"

Nilikaa pale kwenye benchi na kikapu magotini. Kwa mazoea nikaanza kutafuta alama hii ningeiweka wapi. Ni nani ametaja, ametaja nini, lini. Hakukuwa na mahali pa kuiandika. Nilitaka kumwambia yule nesi habari ya Timboroa, lakini watu walikuwa wengi kwa foleni, na sikuwa na hakika kabisa kwamba kikapu kilitoka kule. Inawezekana mtu mwingine alifikiria hivyo hivyo. Naliacha hapo, wazi.

Nilipofika nyumbani, mke wa mwanangu alikuwa mlangoni anachambua mboga.

"Baba, umepitia sokoni? Lete nikubebee."

"Wacha tu, mama. Si nzito."

"Umetuletea nini?"

"Ni vitu vyangu," nikasema, nikapita mbele yake, mchana kweupe, mpaka chumbani.

Asubuhi ya pili nilimrudishia nesi mtungi wake. Ulikuwa na yote, ya mchana na ya usiku.